Kuzamia kwa Mara ya Kwanza Mnemba Ukiwa Unaogopa Samaki: Nunua Somo Kabla ya Safari

Kuanzia Nungwi hadi Matemwe, kaskazini mwa Unguja, karibu kila duka la wazamiaji linamuuzia mgeni asiye na leseni kitu kimoja: kuzamia kwa majaribio. Shirika la mafunzo ya kuzamia la PADI linakiita Discover Scuba Diving, na SSI, shirika jingine la aina hiyo, nao wana huduma inayofanana nayo. Unapewa maelezo mafupi, unafanya mazoezi bwawani au kwenye maji ya kina kifupi, kisha unapanda boti hadi kisiwa kidogo cha Mnemba na kuzamia mara moja au mbili, mwalimu akiwa ubavuni, kina kisizidi mita 12. Umri wa chini ni miaka 10. Ukimaliza huwi mzamiaji mwenye leseni, ila mzamo wako unaweza kuhesabiwa ukiamua baadaye kuendelea na kozi kamili.

Tathmini hii inamhusu mtu wa aina moja: bahari anaipenda, boti haimsumbui, kina hakimtishi, lakini samaki hawawezi. Anachoogopa ni kitu kupita kando ya goti, macho yasiyopepesa, kundi zima linalogeuka kwa mpigo mmoja. Woga huu wanao hata watu waliozaliwa pwani na wanaokula changu kila wiki, kwa hiyo asikudharau mtu.

Kwa mtu huyo huduma hii inafaa, na inafaa kuliko kuogelea juujuu kwa miwani na mrija, ambako ndiko watu wengi humshauri aanzie. Tatizo ni namna inavyouzwa. Kifurushi cha kawaida kinabana kila kitu katika nusu siku: bwawa saa mbili kasoro asubuhi, boti saa tatu, mwambani kabla ya adhuhuri. Kwa mgeni asiye na woga hilo halina neno. Kwa anayeogopa samaki ni haraka mno, na ndiyo sababu kubwa ya watu kurudi juu ndani ya dakika tano za kwanza wakiamini kwamba kuzamia si kwao.

Kwanza suala la juu na chini, kwa kuwa ushauri wa kuanza na mrija unasikika wa busara na unaharibu mengi. Juu ya maji mwili hautulii. Mawimbi yanakusukuma, miguu inapigapiga, uso umeelekea chini na kila kilichopo kiko chini yako, upande usioweza kuulinda. Ukishtuka unainua kichwa, maji yanaingia kwenye mrija, unakohoa. Zaidi ya hayo, baadhi ya mashua za utalii hurusha mkate ili wageni waone samaki kwa wingi. Samaki wakishazoea mkate hujifunza kwamba binadamu anayeelea ni chakula kinachokuja, wakamsogelea hadi usoni. Hapo mwoga anapata hasa kile alichokuwa anakiogopa.

Chini mambo ni tofauti. Uzito wako ukishasawazishwa vizuri, usizame wala kuelea, unaweza kukaa mahali pamoja bila kupiga hata teke moja. Una mchanga chini yako badala ya shimo lisiloonekana mwisho. Tena mapovu unayotoa kila unapopumua yana kelele, na samaki wengi wa mwambani hujiweka mbali nayo. Wapiga picha wa baharini hulalamika sana juu ya jambo hilo. Kwako wewe mapovu ni uzio. Pumzi moja ndefu ya kutoka inatosha kumgeuza samaki mdogo aliyekuja kudadisi.

Vifaa, na mahali vinapoongeza au kupunguza woga

Ni vizuri kujua mapema kwamba miwani ya kuzamia inadanganya. Mwanga unapotoka majini kupita kioo na kuingia kwenye hewa iliyo mbele ya macho unapinda, na kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Chewa wa sentimita 45 ataonekana wa 60, na aliye mita 4 kutoka kwako utaapa yuko mita 3. Mtu anayelijua hilo kabla huwa na kitu cha kujiambia pale anapoona samaki "amemkaribia". Jizoeze bwawani: mwalimu aweke kifaa chini umbali fulani, ukisie, kisha unyooshe mkono. Utakikosa, na mkono utakumbuka somo hilo kuliko akili.

Miwani pia inabana uwanja wa kuona. Pembeni huoni kitu, ndiyo maana samaki huonekana kama ametokea ghafla. Maduka huwa na aina mbili: yenye kingo za silikoni angavu na yenye kingo nyeusi. Ile angavu inapitisha mwanga na vivuli vya pembeni, na vivuli hivyo ndivyo vinavyomshtua mwoga. Nyeusi inakata yote hayo na kukuachia dirisha moja la mbele. Kwa watu wengi wenye woga huu tunapendekeza nyeusi. Wachache wanaojisikia wamefungiwa wachukue angavu. Zijaribu zote mbili dukani: weka miwani usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeganda, inakufaa. Ikidondoka, itavuja.

Kuvuja kuna sababu zake, na nyingine zinawahusu wateja wa kwetu ambao maelezo ya maduka huwa hayawafikirii. Mwenye misuko au rasta nyingi aombe mkanda mpana wa kitambaa cha neopreni, kwani ule wa mpira huteleza juu ya nywele na kuvuta miwani upande. Anayejistiri kichwa avae kofia nyembamba ya kuzamia, na ukingo wa miwani ukae juu ya ngozi moja kwa moja; kitambaa kikiingia chini ya silikoni hata kwa nusu sentimita, maji yatapita muda wote. Mwenye masharubu apunguze nywele zilizo chini kabisa ya pua. Ukungu unazuiwa kwa mate au tone la shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji, kisha suuza mara moja. Usilipuuze hilo. Kioo chenye ukungu kinageuza kila samaki kuwa kivuli, na kivuli kinatisha kuliko samaki mwenyewe.

Suti ya milimita 3 inayofunika mikono na miguu inatosha Mnemba, ambako maji huwa nyuzi 25 hivi mwezi Agosti na kufika 29 au 30 mwezi Machi. Usikubali kaptura ya suti ukipewa kwa hoja kwamba maji ni ya moto. Unachokitaka ni ngozi kufunikwa. Omba pia viatu vya neopreni pamoja na mapezi ya kufunga kwa mkanda nyuma, badala ya mapezi ya kuvaliwa peku, maana kisigino kilicho wazi ndicho sehemu ambayo watu wenye woga huu husema "kuna kitu kimenigusa". Mara nyingi kilichogusa ni mkanda wa pezi lao wenyewe. Glavu usizitegemee, maduka mengi yanayojali mwamba hayaruhusu mgeni azivae, kwa kuwa mwenye glavu hushika matumbawe.

Mtungi mgongoni una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, wala si oksijeni tupu kama wengi wasemavyo. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) unabeba hewa ya lita 2,200. Ukiacha bar 50 za akiba, unabaki na lita 1,650 za kutumia. Mtu aliyetulia anayetumia lita 15 kwa dakika akiwa juu atatumia 30 akiwa mita 10, kwa sababu shinikizo hapo ni mara mbili. Atakaa dakika 55. Mwenye hofu anaweza kwa urahisi kutumia lita 30 juu, yaani 60 chini, na hewa hiyo hiyo ya kutumia itamwishia baada ya dakika 27. Kwa hiyo mzamo wako ukiwa mfupi kuliko wa jirani, hujafeli. Ila muulize mwalimu mapema atafanyaje ukipungukiwa na hewa kabla ya wenzako: je, kundi zima litapanda, au kuna mtu wa pili wa kukusindikiza? Duka lenye jibu tayari ni duka lililojipanga.

Bwawani: saa moja na nusu, si dakika ishirini

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi au inapopotea. Viwango vya PADI vinaruhusu hadi wageni wanne kwa mwalimu mmoja baharini katika mzamo wa majaribio. Mtu anayeogopa samaki hafai kuwa wa nne. Omba mwalimu wako peke yako, au muwe wawili mnaojuana. Omba pia bwawa liwe siku moja na bahari siku inayofuata. Maduka mengi hukubali ukiomba wakati wa kuweka nafasi, na hukataa ukiomba asubuhi ya safari, boti ikiwa imeshapangwa.

Mazoezi ya msingi ni matatu: kutoa maji kwenye kinywa cha regyuleta (kifaa cha kupumulia), kukitafuta na kukirudisha mdomoni kikitoka, na kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani. La tatu ndilo linalowaangusha watu. Bonyeza ukingo wa juu wa miwani kwa vidole viwili, inua uso kidogo, toa pumzi polepole kwa pua hadi maji yatoke chini. Makosa ni mawili: kutoa pumzi kwa mdomo, na kuachia ukingo wa juu. Rudia mara kumi, si mara moja ya kumridhisha mwalimu. Sababu ni hii: samaki akikushtua utakunja uso, ukikunja uso maji yataingia, na maji yakiingia ukiwa hujui la kufanya, woga wa samaki unageuka kuwa woga wa kufa maji. Wa kwanza unavumilika. Wa pili ndio unaompeleka mtu juu kwa kasi.

Baada ya hayo ongezeni zoezi ambalo halimo kwenye kifurushi. Piga magoti chini ya bwawa, mwalimu apitishe pezi au kibao taratibu kutoka nyuma ya bega lako hadi mbele, wewe ukiendelea kupumua bila kusita: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Kisha apitishe haraka. Kisha aguse kisigino bila kukuarifu. Lengo ni mwili ujifunze kwamba jibu la mshtuko ni pumzi ndefu ya kutoka. Mtu anapoogopa hupumua juu juu na harakaharaka. Kaboni dioksidi inajikusanya mwilini, naye anahisi hewa haitoshi ingawa mtungi umejaa. Anavuta zaidi, hatoi vya kutosha, na hali inazidi. Dawa yake ni kusimama, kushika kitu au mkono wa mwalimu, na kutoa hewa yote kabla ya kuvuta nyingine. Kubana pumzi ni marufuku kabisa: ukibana pumzi huku unapanda, hewa iliyo kifuani inatanuka na inaweza kuchana mapafu, hata kwenye kina kifupi.

Alama za mikono zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Dole gumba juu nchi kavu ni "poa". Majini ni "tupande". Kila msimu kuna mgeni anayepandishwa juu kwa sababu alitaka kusema yuko salama. Usalama ni duara la kidole gumba na cha shahada. Kiganja kinachotikisika ni "kuna tatizo". Juu ya hizo, kubalianeni alama mbili zenu: ngumi kwa maana ya "simama, nipe muda", na kiganja kinachosukuma pembeni kwa maana ya "tuondoke upande huu". Mwalimu anayeziona alama hizo kuwa za kitoto, badilisha mwalimu.

Ukiweza kuchagua, chagua anayezungumza Kiswahili. Wapo wengi wazuri, na maelezo ya usalama yanayopita kwa Kiingereza cha haraka hubaki nusu kichwani. Ulizia kwa uwazi nani hasa ataingia na wewe baharini. Kiongozi wa wazamiaji na mwalimu ni ngazi mbili tofauti, na mzamo wa majaribio baharini unapaswa kuwa mikononi mwa mwalimu.

Siku gani, maji gani, wapi

Mnemba iko kilomita chache kutoka pwani ya Matemwe, na bahari inayoizunguka imekuwa eneo la hifadhi tangu 2002. Kutoka Matemwe boti huchukua nusu saa au pungufu. Kutoka Nungwi au Kendwa hesabu karibu saa nzima kwa boti ya mbao. Kwa anayechefuka, tofauti hiyo ni kubwa. Kichefuchefu kinaharibu mizamo ya kwanza mingi kuliko samaki, na kinafanana sana na hofu: jasho, tumbo kukaza, pumzi fupi. Kula kitu chepesi saa mbili kabla, kaa katikati ya boti, tazama upeo wa macho. Vidonge vingi vya kichefuchefu huleta usingizi, kwa hiyo viulizie kwa mfamasia siku kadhaa kabla.

Kipindi kizuri ni maleleji, kati ya kusi na kaskazi, hasa Oktoba na Novemba, na tena Februari hadi Machi kabla masika haijashika. Kusi kikivuma Juni hadi Agosti, upande wa mashariki unakuwa na mawimbi na boti inayumba. Aliyefika wakati huo na bado anataka kujaribu, afikirie upande wa Mji Mkongwe. Miamba ya Bawe na Murogo ina kina kifupi na imekingwa na kisiwa chenyewe. Uangavu wa maji huko ni mdogo kuliko Mnemba, na hilo kwa mwoga lina pande mbili: haoni makundi ya mbali, lakini anayekuja humwona akiwa karibu.

Muhimu kuliko mwezi wa kalenda ni mwezi wa angani. Bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na mikondo ya Mnemba inakuwa na nguvu. Mkondo unakunyang'anya kile ulichokilipia, yaani uwezo wa kusimama mahali pamoja. Weka nafasi wakati wa maji mafu, yaani siku ya 8 hadi ya 10 au ya 22 hadi ya 24 tangu mwezi kuandama, na umwombe nahodha mfike karibu na maji yanaposimama. Ufukwe wa Matemwe maji yakitoka hutoka mbali sana, kwa hiyo saa ya kuondoka hufuata maji, haifuati saa ya kifungua kinywa cha hoteli.

Kuhusu mahali pa kuzamia, Wattabomi ndipo tunapopapendekeza: mteremko wa taratibu wenye mabaka ya mchanga, unaotumiwa sana kwa wanafunzi. Mwamba uitwao Kichwani, pamoja na uzuri wake, una mteremko mkali zaidi na mara nyingi mkondo. Aquarium jina lake lenyewe linajieleza. Ni pazuri kwa wapenda samaki, na ni pa kuacha siku ya kwanza. Mwambie mwalimu kwa maneno haya: tushukie mchangani, tukae hapo dakika tano, ndipo tusogee kuelekea mwamba, tukibaki mita 3 au 4 kutoka ukingoni. Mchangani samaki ni wachache na unawaona wakija kutoka mbali. Mwambani wanatokea kwenye mashimo.

Shuka kwa kamba ya nanga au ya boya, miguu ikitangulia, ukimtazama mwalimu machoni badala ya chini. Wageni wa siku ya kwanza wasibinuke kinyumenyume kutoka ukingoni mwa boti kama kuna ngazi. Kubinuka kunakuzungusha, mapovu yanakufunika, na sekunde tatu za kutoona ni nyingi kwa mwenye hofu. Masikio yasawazishwe mapema, kila nusu mita hadi mita moja, kwa kubana pua na kupuliza taratibu kabla maumivu hayajaanza. Yakigoma, panda mita moja, jaribu tena. Mwenye mafua aahirishe. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa ikakwama wakati wa kupanda.

Utakaokutana nao

Picha za matangazo hupigwa kwa taa. Rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, kwa hiyo kwa macho yako samaki wengi wataonekana wa kijivu na buluu, wametulia kuliko ulivyoonyeshwa dukani.

Mbono hupita kwa makundi makubwa katikati ya maji. Kundi likikuelekea, usipunge mikono. Simama, toa pumzi. Litagawanyika likuzunguke na kuungana nyuma yako bila kukugusa, kama linavyofanya kwa jiwe. Kitatange hutembea wawili wawili na huwa hana habari nawe. Pono unamsikia kabla ya kumwona, akitafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu. Sauti hiyo ya kukwaruza si ya kitu kinachokujia. Kangaja na puju wana miiba kama visu kwenye shina la mkia, na ni hatari kwa anayewashika tu.

Mkunga ndiye anayepigisha watu kelele ndani ya regyuleta. Anatoa kichwa shimoni, anafungua na kufunga mdomo kama anayetishia. Anapumua tu: anapitisha maji kwenye matamvua. Asiyetia mkono shimoni hana ugomvi naye. Mzia mkubwa huning'inia peke yake na kutazama. Vua pete, cheni na saa ya kung'aa kabla ya kuingia, kwa sababu mmeto unafanana na wa samaki mdogo. Papa ni nadra katika mizamo ya kina hiki Mnemba. Kasa wanaonekana mara kwa mara, na watu wengi wanaoogopa samaki hawamwogopi kasa hata kidogo. Mwombe mwalimu amtafute mapema, kwani macho yaliyopata kitu cha kupenda huacha kusaka cha kuogopa.

Kuna wawili wa kuheshimu kweli. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi kwenye ua la bahari hulinda makao yao, na wanaweza kukimbilia kioo cha miwani. Ni wa urefu wa kidole, lakini kwa miwani inayokuza vitu, mshtuko ni mkubwa. Kaa mita moja na nusu mbali, basi. Wa pili ni kikande mkubwa wakati wa kutaga, ambaye huuma. Eneo analolilinda hutanuka kuelekea juu, mfano wa pia, kwa hiyo ukikimbilia juu unabaki ndani yake. Ondoka kwa mlalo, mapezi yakiwa kati yako na yeye. Mwalimu anayeijua Mnemba anajua viota viko wapi na hatakupitisha hapo, nalo ni swali zuri la kumpima.

Ukishtuka hata hivyo, usifumbe macho. Aliyefumba macho hajui tena kama anapanda au anashuka, na huanza kupiga mateke yanayovunja matumbawe na kumpaisha. Geuza macho kwenye mchanga au kwenye kipimo cha hewa, usome namba, toa pumzi. Kupanda kwa haraka ndilo kosa lenye madhara ya kweli katika mzamo huu wote. Kasi isizidi mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 mtasimama dakika 3. Kituo hicho kinamsumbua mwoga kuliko mwamba wenyewe, kwa sababu uko katikati ya buluu na mbono hupenda kujazana hapo. Kifanyeni kwenye kamba. Shika kamba, tazama nyuzi zake, hesabu pumzi. Kumi na nane za taratibu hivi, na muda umeisha.

Pesa na makaratasi

Bei za mzamo wa majaribio Mnemba kwa kawaida huanzia dola 100 hivi za Marekani na kupanda. Siku ya ziada ya bwawa na mwalimu wa peke yako vitaongeza gharama, na ndiyo nyongeza pekee tunayosema ilipwe bila kusita. Picha za video, chakula maalumu na fulana unaweza kuviacha. Uliza kama ada ya hifadhi imo ndani ya bei, kama mkazi wa Afrika Mashariki ana bei yake, na masharti ya kurudishiwa pesa ukisitisha baada ya bwawa. Duka lisilorudisha hata sehemu linakusukuma uingie baharini ukiwa hujawa tayari. Uliza pia kama boti ina oksijeni ya dharura, na chemba ya shinikizo (ya kumtibu aliyepanda haraka mno) wanayoitegemea iko wapi. Majibu hayo yatoke mdomoni bila kutafutwa.

Fomu ya afya ijaze ukiwa bado nyumbani, Dar, Mombasa au kokote ulipo. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa sikio, ujauzito na matibabu ya wasiwasi au mshtuko wa hofu ni mambo yanayoulizwa, na baadhi ya majibu ya "ndiyo" yanahitaji saini ya daktari, ambayo huipati ufukweni asubuhi ya safari. Mjamzito asizamie. Anayetumia dawa za wasiwasi aseme ukweli, na asimeze kidonge cha kujituliza ili apate ujasiri; usingizi na kuzamia haviendi pamoja.

Boti nyingi hubeba mitungi miwili kwa kila mgeni na kukuuzia mizamo yote miwili kwa pamoja. Kubalianeni kwamba wa pili utauamua na kuulipia baada ya wa kwanza, ukiwa umeshavua suti, umekunywa chai ya tangawizi na mikono imeacha kutetemeka. Na ndege ya kurudi iwe angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja. Kwa tiketi ya asubuhi, piga hesabu hiyo kuanzia saa uliyotoka majini.